Mafuta ya Bastola

Katika ofisi yetu hapa Plano, Texas, kuna mwenzetu mmoja ambaye kila Jumanne hupasha moto mayai ya kuchemsha kwenye maikrowevu. Mayai matatu, na chumvi, na wala haoni haya. Kabla hajaanza kula, harufu imeshatoka jikoni, imepita ukumbini, imeingia chumba cha mikutano na kujichagulia kiti. Wenzangu huziba pua na kucheka. Mimi huinuka nikatoka hadi kwenye maegesho, nikasimama kati ya magari na jua likinichoma utosi, mpaka tumbo litulie. Mara mbili nimeshaulizwa kwa upole kama nina habari njema ya kuwaambia. Sina. Nina kichefuchefu cha siku nyingi tu.

Baruti nyeusi ya kizamani, ile ya kushindilia, ikiungua hunuka mayai viza. Wanaoziona bastola za kale kwenye filamu hawalijui hilo, maana filamu hainuki. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilinuka hivyo kila Jumamosi, nywele, nguo, mpaka ndani ya kucha, na nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Missouri City, mji wetu kando ya Houston. Furaha hiyo ndiyo inayonitia kinyaa zaidi. Ngojeni niwaeleze, na msiharakishe kunihukumu. Nafasi ya kunihukumu mtaipata huko mbele.

Baba yangu, Athman, mtu wa Mombasa, alikuwa dereva wa lori. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa barabarani, Houston kwenda Dallas, Dallas kwenda kusikojulikana, na nyumbani tulimjua kwa ndala zake mlangoni na kwa kukoroma kwake. Jumapili alilala. Jumamosi alikuwa wa bastola. Ugonjwa huo aliupatia Fort Worth, siku alipokuwa akingoja mzigo, joto likamzidi, akaingia kwenye ukumbi mmoja mkubwa kwa nia ya kutafuta choo na hewa ya baridi. Humo ndani mlikuwa na maonyesho ya silaha. Alitoka baada ya saa tatu na rivolva iliyomzidi umri babu yake, na sidhani kama alikumbuka kwenda choo.

Miaka minne baadaye alikuwa nazo tano. Moja ilikuwa ndogo ya kuingia mfukoni, yenye kitako cha lulu kilichogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Moja ilikunjuka katikati ukiibonyeza, ikatema maganda yake yote kwa pamoja. Mbili zilikuwa nyeusi, nzito, zisizo na sifa yoyote ila uzee. Kipenzi chake kilikuwa ya tano, ndefu kama mkono wangu hadi kiwikoni, ya zama za kabla ya risasi za maganda. Hiyo kila tundu la silinda ulilijaza mwenyewe kwa baruti na risasi ya duara, ukashindilia, ukaweka fataki ya kuwashia nyuma. Baba aliiita Bi Mkubwa.

Mama hakupendezwa. "Wenzangu wana mke mwenza mmoja," alikuwa akisema, "mimi ninao watano, wote wa chuma, na wote wanasuguliwa kwa kikoi changu." Ilikuwa kweli. Baba alizisafisha juu ya meza ile ile ambayo Mama alisukumia chapati, kwa kipande cha kikoi na brashi ndogo kama ya meno, na masizi yaliyotoka mtutuni yalikuwa meusi, yenye utelezi, yanayonuka kama jaa. Mama aliifuta meza kwa siki mara tatu, akaisukumia chapati, na bado mimi niliapa nasikia ladha ya chuma. Nilizila zote lakini. Nilikuwa upande wa Baba.

Tulikwenda kupigia shabaha kwa mzee mmoja Mmarekani jina lake Dale, fundi wa mashine aliyestaafu, mwenye malisho yake nje ya Rosenberg. Ng'ombe walishauzwa, kukabaki uzio, nyasi, nzi, na ubao mrefu wa kupangia makopo. Dale alitafuna tumbaku. Mate yake aliyatemea kwenye chupa ya soda ya plastiki, ambayo tukiwa ndani ya pikapu yake ilikaa kwenye kishikio cha vikombe, kati yangu na yeye, ikicheza cheza kila tulipopita shimo. Siku moja ya kiu nusura niinywe, nikidhani ni chai ya barafu. Ilikuwa imeshafika mdomoni. Mpaka leo hotelini siagizi chai ya barafu, na hapa Texas jambo hilo huwashangaza watu kuliko dini yangu.

Kazi yangu huko ilikuwa ukalimani. Kiingereza cha Baba kilikuwa kizuri. Kilimpitisha kwenye mizani na kwa polisi wa barabarani miaka yote. Lakini cha Dale, alidai, hakishikiki. Na kweli mzee yule alizungumza kana kwamba maneno nayo ni tumbaku. Basi Dale akisema jambo, Baba hunigeukia: "Swabra, mzee anasemaje?" Nami hukohoa kidogo, kama watafsiri niliowaona msikitini siku ya wageni, nikaeleza. Mtoto ambaye nyumbani haruhusiwi kukata kitunguu, huko kwenye nyasi alikuwa mtu wa kusubiriwa na wanaume wawili. Kichwa kilivimba.

Halafu kulikuwa na kupiga. Sitawaficha, nilipenda. Baba alisimama nyuma yangu, kidevu chake juu ya kichwa changu, viganja vyake chini ya viwiko vyangu, akaninong'oneza, "Usivute, mwanangu. Bana tu, kama unakamua ndimu." Mlio ulikuwa mzito, si mkali. Moshi mweupe ulifunika kila kitu, ukaingia puani na kooni na uvundo wake, na tulisimama ndani yake tukikohoa na kucheka, tukingoja utoke tuone kama kopo limeanguka. Sekunde hizo za kungoja, mimi na baba yangu ndani ya moshi, ndizo nilizozitamani wiki nzima shuleni. Sikuwa na Baba mwingine zaidi ya huyo wa Jumamosi.

Jumamosi moja kabla ya joto kuanza, Dale alimtazama Baba akishindilia Bi Mkubwa akatikisa kichwa. Alisema unapojaza matundu sita lazima uyapake mafuta kwa juu, juu ya kila risasi, la sivyo moto wa tundu moja unaweza kurukia la pili, zikalia zote mkononi mwako. Alimjua mtu aliyepoteza vidole. Akaenda kwenye pikapu akaleta kopo. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kizito, chenye alama za kidole. Alilisogeza puani pangu kwa ukarimu. Kilinuka kidogo asali, na nyuma ya asali kilinuka chumba kilichofungwa.

"Nothing to it," akasema. "Lard and a little beeswax."

Baba akanigeukia. "Swabra, anasema ni mafuta gani?"

Nililijua neno hilo. Lard ni mafuta ya nguruwe, hakuna lard nyingine duniani. Nilimtazama Baba, nikauona mwisho wa mambo yote: angetema chini, angeomba msamaha kwa Dale kwa heshima, angeniingiza garini, na njiani angesema hapa haparudiwi. Jumamosi zangu zingekwisha pale pale kwenye nyasi, nami ningerudi kumjua baba yangu kwa ndala.

"Anasema mafuta, Baba," nikajibu. "Na nta ya nyuki."

"Mafuta."

"Ndiyo."

"Haya. Mafuta basi."

Mnaijua lugha yetu. Ya kupikia ni mafuta, ya gari ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya kujipaka baada ya kuoga ni mafuta, na kilichomzunguka mbuzi figo nacho ni mafuta. Nilijificha ndani ya neno hilo nikajiambia sikusema uongo hata herufi moja. Baba akavaa glavu zake za udereva, ambazo Dale alizicheka akazifananisha na za bibi harusi, akasema, "Swabra atakuwa anapaka yeye. Ana vidole vyembamba."

Nikapaka. Niliingiza kidole cha shahada katika kopo lile, nikachota, nikaziba matundu sita, nikalainisha juu kama mtu anayeziba ufa ukutani. Kilikuwa baridi, kikawa vuguvugu, kikateleza hadi kwenye pete ya fedha aliyonitumia Bibi kutoka Mombasa. Tulipopiga, mafuta yaliyoyeyuka yalirukia vifundo vya mikono yangu pamoja na masizi. Kwenye madrasa ya Jumapili tulishafundishwa: nguruwe akikugusa na majimaji, unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilikwenda kwenye bomba la Dale nyuma ya banda, nikachimba udongo mweusi wa kule, unaonata kama ugali wa ulezi, nikasugua na kuhesabu. Baba alitokea akaniona nikiwa kwenye ya tano.

"Unafanya nini?"

"Nacheza tope."

"Haya," akasema, akarudi alikotoka.

Dale alitupatia kopo zima. Kwa kuwa gereji ya Houston wakati wa joto huyeyusha hata mshumaa, Baba aliyahamishia mafuta yale kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, alilopewa na Mama mwenyewe, akaliweka kwenye friji kuukuu ya gerejini ilimokaa soda na nyama za ziada. Mama alikusanya makopo yale kwa miaka. Yalikuwa na uzi, na bizari, na vifungo. Alimuuliza ni nini, Baba akasema ni mafuta ya bastola, Mama akasonya, mazungumzo yakaishia hapo.

Ramadhani ilipoingia Baba alizipumzisha bastola zake. Katikati ya mwezi akaja Bibi, mamake Mama, kutoka Mombasa, kwa mara yake ya kwanza na ya mwisho. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na vumbi. Sanduku lake moja lilikuwa la nguo, la pili la vitu alivyoamini Marekani hakuna: ukwaju, achari, hina, na chupa mbili za samli zilizofungwa kwa mifuko na utepe kama maiti. Samli ile aliipika yeye. Mama aliinusa akalia. Hakuionja kwa sababu ya saumu, akaimimina kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, akaiweka friji ya gerejini, na kutangaza kwamba haitaguswa hadi siku ya tambi za Idi.

Mmeshaona. Mimi sikuona. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na friji ile niliiona ni ya soda.

Siku ya mwisho ya saumu nilipelekwa kwa jirani kupakwa hina pamoja na wasichana wengine. Niliporudi alasiri nyumba ilikuwa imejaa hiliki na vitunguu na mvuke, na Mama amejifunga leso kiunoni, anapakua tambi kutoka kwenye sufuria kubwa kuliko zote. Zilikuwa za kahawia, zinang'aa, zabibu zimevimba. "Nenda gerejini ukaniletee maziwa," akasema. Nilifungua friji. Palikuwa na kopo moja tu. Nikalifungua kwa sababu nilitaka kunusa samli ya Bibi, na ilikuwa samli ya Bibi kweli, ya manjano, yenye chembechembe, imejaa hadi juu. Haikuguswa.

Nilisimama pale mlango wa friji ukiwa wazi mpaka mota ikaanza kunguruma. Kisha nikarudi jikoni. Kopo la pili lilikuwa kando ya jiko, tupu, limekwanguliwa vizuri, kijiko kimesimama ndani yake. Mama hakuweza kuonja, na pua yake ilikuwa imeshiba viungo tangu asubuhi.

"Samli ya bibi yako safari hii imekuwa nyeupe," akaniambia kwa furaha. "Ni baridi ya friji."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo kwa lugha mbili. Lakini Mama angeuliza nimejuaje, na jibu lilikuwa na ngazi zake, moja baada ya nyingine, hadi kwenye nyasi za Dale. Nikampa maziwa. Niliona sahani zikifunikwa kwa karatasi ya fedha, moja ya familia ya Wazanzibari wa mtaa wa pili, moja ya jirani aliyetupaka hina, moja ya imamu. Nikasaidia kuzibeba hadi garini. Hina yangu ilikuwa nzuri, watu waliisifu.

Asubuhi ya Idi tuliporudi kutoka kuswali, sebule ilijaa wageni na udi na kanzu. Tambi zikapita kwenye sinia. Nta ya nyuki, ikipoa, hufanya utando juu ya kaakaa, na niliwaona watu wazima mmoja mmoja wakipitisha ulimi juu, kimya kimya, kwa adabu, kama wanaotafuta uzi mdomoni. Mama mmoja wa Kizanzibari akasema, "Tambi zimekolea, mashaallah," akanywa chai vikombe viwili mfululizo. Bibi alikula sahani yake yote. Alikula taratibu, akamtazama Mama, akasema samli imechoka kwa safari kama yeye mwenyewe, na akaomba aongezwe kidogo ili binti yake asione vibaya.

Nami nililetewa. Wote walikuwa wananitazama, mtoto wa nyumba. Nilikula. Zilikuwa tamu, na hicho ndicho kilichonivunja, kwamba zilikuwa tamu kweli hadi ule utando uliposhuka mdomoni. Nilitoka mlango wa nyuma nikatapika kando ya mashine ya hewa ya baridi, feni yake ikinipulizia uvundo wangu usoni. Mama alikuja akanishika paji la uso akasema ni peremende nyingi.

Jumamosi iliyofuata, siku ya pili tu baada ya Idi, Baba aliamka na hamu ya mwezi mzima. Nilimsikia akifungua friji ya gerejini. Kisha kicheko. Akaingia ndani na kopo mkononi, hadi mezani walipokuwa Mama na Bibi na chai yao, na mimi.

"Mama Swabra," akasema, "samli yenu hii hapa nzima. Mmewalisha watu mafuta ya bastola!"

Mama hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Mafuta ya nini, Baba Swabra?"

"Ya bastola. Si nilikwambia? Ni safi, hayana kemikali. Mafuta ya mnyama tu na nta."

"Mnyama gani?"

Nilikuwa namtazama Baba. Yeye alikuwa anatazama ndani ya kopo. "Muulize Swabra," akasema. "Yeye ndiye aliyetafsiri."

Jozi tatu za macho ya watu wazima zikaniangukia, samahani, mbili. Ya Baba yalibaki kwenye samli. Bibi alinyoosha mkono akaushika wangu, ule wenye pete yake. Ngozi yake ilikuwa laini, imekauka. "Sema, mjukuu wangu," akasema. "Usiogope. Mafuta yale ya nini?"

Safari hii neno mafuta halikutosha kujificha. "Ya ng'ombe, Bibi," nikasema.

Mama alishusha pumzi hadi mabega yakaanguka. Bado alilalamika, kwamba ng'ombe mwenyewe hakuchinjwa kihalali, kwamba imamu naye amekula, astaghfirullah. Bibi akamnyamazisha. "Hatukujua," akasema. "Na huyu mtoto hasemi uongo. Yamekwisha." Akaubusu mkono wangu. Akaubusu kwenye kidole kile kile cha kupakia mafuta, na mimi nikamwachia aubusu.

Nilidhani nimeziokoa Jumamosi zangu. Nilikwenda kwa Dale siku ile, akatupatia kopo jipya, Baba akavaa glavu zake, nami nikaingiza kidole, na mwili ukakataa. Nilitapika juu ya viatu vya Dale, ambaye kwa mtu wa chupa ya mate alichukizwa sana. Wiki iliyofuata nilisema tumbo linauma. Baada ya mwezi Baba hakuniamsha tena. Alinunua vijiduara vya sufi vilivyotengenezwa tayari, vya kuweka kati ya baruti na risasi, vyenye mafuta ya mimea, akaachana na makopo, na akawa anakwenda peke yake. Bibi alirudi Mombasa, akawa akiwahadithia majirani juu ya mjukuu wake mkalimani. Alifariki mwaka wa pili. Mama alipokuwa analia kwenye simu mimi nilikuwa nawaza tambi.

Hiyo ndiyo dhambi niliyoibeba peke yangu miaka yote, mtoto niliyemdanganya baba mchamungu kwa sababu ya moshi. Nimeibeba chuoni, nimeibeba hadi Plano. Mwezi uliopita, Jumamosi moja asubuhi, nilikuwa dukani nanunua mikate ya tortilla. Nikageuza pakiti, kama ninavyofanya siku zote, nikatembeza kidole chini ya viambato, neno kwa neno, herufi kwa herufi. Nikajitazama kidole. Hakuna mtu asomaye hivyo akiwa na akili zake, nikajiuliza nimejifunza wapi.

Nilijifunza kwa Baba. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa ndani ya toroli la dukani, na yeye ananipitishia kidole chini ya herufi kwenye pakiti ya tortilla. "L, a, r, d. Ukiliona hili, rudisha. Kwenye biskuti, kwenye maharage ya kopo, popote. Hii ni nguruwe amevaa kanzu." Tulicheka. Tulilitafuta kila duka, ulikuwa mchezo wetu. Neno ambalo kila Mwislamu wa Texas hulijua kabla hajajua njia ya kwenda kazini, Baba alilijua kabla yangu, na mimi nililijua kutoka kwake. Na siku ile Dale, pamoja na tumbaku yake, alilitamka wazi.

Nikasimama katikati ya duka watu wakinipita na vitoroli vyao. Sikumbuki hata mara moja kidole cha Baba kikiingia katika kopo lile. Hata mara moja.

Niliendesha gari kutoka Plano hadi Missouri City Jumamosi hiyo hiyo, saa nne na zaidi, redio imezimwa. Niliwakuta jikoni. Baba amezeeka, ameacha lori, na alikuwa mezani na Bi Mkubwa amemlaza juu ya gazeti, brashi mkononi, masizi na uvundo ule ule. Sikuketi. Nilimweleza Mama kila kitu, kuanzia kwenye nyasi hadi mkono uliobusiwa na Bibi. Nilimwambia yalikuwa ya nguruwe, nami nilijua, na nilimwongopea mama yake mzazi usoni. Alinisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Nilingoja kofi ambalo nilistahili tangu zamani, lakini hakunitazama mimi.

"Baba Swabra," akasema, "wewe ulijua?"

Baba aliweka brashi chini. Kisha akanigeukia, kwa macho yale yale ya kule malishoni, ya mtu anayengoja kuelezwa. "Swabra," akasema, "mwambie mamako. Mweleze ilivyokuwa."

Nilikuwa nimedhani miaka yote kwamba pale kwenye nyasi nilikuwa mkalimani wake. Hakuhitaji mkalimani. Alihitaji mtu wa kumwambia si nguruwe ili aendelee na bastola zake, akamtafuta mdogo kuliko wote, aliyempenda kuliko wote, akamkabidhi kopo. Kinyaa nilichokisikia kwangu tangu utotoni kilihama pale pale, nikakiona kimekaa mezani kimevaa kofia ya kiua. Na bado sehemu fulani yangu ilitaka kumsaidia. Ilikuwa na jibu tayari, limeshafika ulimini.

Nilifunga mdomo. Mama alikuwa anamngoja yeye.